Ladha ya Chuma Kinywani: Kabla ya Kumlaumu Mpishi, Uliza Dawa



Wiki hii tuongee juu ya chungu. Sitawafundisha kupika, maana wengi wenu mnanishinda. Nataka tuone namna chungu kinavyoweza kusingiziwa, na mwenye kukipika akasingiziwa pamoja nacho.

Mama mkubwa wangu, dada ya mama yangu, ana miaka zaidi ya 60. Anakaa kwa mtoto wake wa kiume, pamoja na mke wa mtoto na wajukuu. Asubuhi moja mkono wake wa kushoto ulilegea, kinywa kikaenda upande, maneno yakawa mazito. Baada ya saa chache yote yakarudi. Tulimshukuru Mungu, tukampeleka hospitali. Walimpima damu wakakuta kolesteroli iko juu. Tansio alikuwa nayo tangu miaka mingi, na dawa yake alikuwa anainywa bila shida. Munganga akamwongezea kidonge kimoja kidogo cheupe, cha kunywa kila siku, akasema: "Mama, hiki usikiache."

Wiki ya tatu maneno yakaanza nyumbani. Kwanza sombe haina chumvi. Mke wa mtoto akaongeza. Kesho yake, samaki hana ladha. Siku nyingine chai inachukiza. Bukari yenyewe, ambayo mama huyu ameila maisha yake yote, akaisukuma pembeni, akasema ni kama mtu aliyenyonya makuta ya shaba ya wakati wa Zaïre. "Mu kinywa yangu muko chuma," alikuwa anasema.

Jirani wa kwanza akasema ni maji ya bomba. Wa pili akasema ni vumbi la viwanda, kwani sisi tunakaa kwenye mji wa shaba. Wa tatu akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ndogo: "Na huyu bibi arusi wenu, mnamjua vizuri?" Mnajua neno linalofuata. Neno la sumu halihitaji mtu alitamke kwa nguvu. Mama mkubwa akaacha kula chakula cha mke wa mtoto. Akawa anapikiwa na mjukuu wa miaka 12 kwenye mbabula ya pembeni. Mke wa mtoto akalia usiku, mume akanyamaza, na wakubwa wa familia wakaitisha kikao.

Nami niliitwa, kwa sababu mwalimu anasoma makaratasi. Sikuwa na ujuzi wa munganga, na leo pia sina. Lakini darasani, mtoto aliyekuwa anafaulu akianza kuanguka, ninauliza swali moja kabla ya mengine yote: tangu lini? Nikamuuliza mama mkubwa. Akasema tangu baada ya kikao cha likelemba cha mwanzo wa mwezi. Nikauliza kidonge kipya kilianza lini. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Kidonge kilianza siku chache tu kabla ya hiyo.

Nikaomba boksi. Akaniangalia, kisha akainua kona ya godoro. Vidonge vya siku nyingi vilikuwa pale, vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa anavipokea kutoka mkononi mwa mke wa mtoto, anaviweka kinywani mbele yake, halafu anavitema. Mama aliyeponea chupuchupu kupooza alikuwa amejiondolea ulinzi wake kwa siri, kwa sababu aliogopa mkono uliompa.

Ndiyo maana naandika haya. Hapo kulikuwa na hatari mbili, na zote mbili zilianza na ladha ya chuma.

Kolesteroli ni nini, na kidonge kinafanya nini

Kolesteroli ni aina ya mafuta ndani ya damu. Si adui. Mwili unaihitaji kujenga kuta za chembe zake na kutengeneza homoni. Sehemu kubwa hatuili. Ini letu lenyewe linaitengeneza. Shida inakuja pale inapozidi kwa miaka mingi. Inajipaka ndani ya mishipa ya damu, kama masizi yanavyojipaka ndani ya bomba la jiko, mpaka njia inakuwa nyembamba. Siku moja mshipa unaziba. Ukiziba kwenye moyo, moyo unaumia. Ukiziba kwenye kichwa, mtu anapooza upande mmoja.

Kolesteroli haiumi, haiwashi, haileti homa. Haina ladha pia. Hakuna mtu anayeweza kuisikia kinywani. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachoionyesha.

Nisahihishe jambo moja ninalolisikia sokoni. Watu wanasema mafuta ya ngazi yamejaa kolesteroli. Hapana, kolesteroli hutoka kwa wanyama, na ngazi ni mti. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina nzito inayoweza kupandisha kolesteroli ya damu. Kwa hiyo sombe ibaki na mafuta yake, ila tupime kwa kijiko, tusimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Dawa zinazotumika zaidi kushusha kolesteroli zinaitwa statini. Kwenye boksi mtaona majina marefu, lakini yote yana mkia mmoja: atorvastatine, simvastatine, rosuvastatine. Zinaingia kwenye ini na kupunguza kazi ya kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli.

Chanzo chake kitawashangaza wapishi. Ni kufu. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, mtoto wa wakulima, alichunguza aina zaidi ya 6,000 za kufu na uyoga akitafuta kitu cha kuzuia kazi hiyo ya ini. Mwaka 1973 alikipata kwenye kufu ya bluu iliyotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Kutoka hapo familia nzima ya statini ikazaliwa.

Je, zinasaidia kweli? Mwaka 1994 wamunganga wa nchi za kaskazini ya Ulaya walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa simvastatine, nusu kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka mitano na kitu, kwenye kundi lisilo na dawa walikuwa wamekufa watu 256. Kwenye kundi la dawa walikufa 182. Toa hesabu mwenyewe: watu 74 zaidi walikuwa bado mezani na familia zao. Kwa hiyo kidonge kilichokuwa chini ya godoro la mama mkubwa hakikuwa kitu cha kuchezea.

Ladha inapotea namna gani

Ulimi una vidoti vidogo, na ndani yake kuna chembe zinazotambua utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama au samaki mkavu. Chembe hizo haziishi sana. Zinakufa na kuzaliwa upya, nyingi kwa siku kumi hivi mpaka wiki mbili. Zinahitaji mate, kwa sababu kitu kikavu hakionjeki. Zinahitaji pia pua. Mnakumbuka COVID-19: watu wengi walisema chakula kimekuwa kama karatasi, kumbe mara nyingi pua ndiyo iliyoacha kusikia harufu. Jaribu nyumbani. Bana pua, weka kipande cha tangawizi kinywani. Utasikia moto tu. Achia pua, na tangawizi inarudi yote.

Dawa tuliyoimeza haibaki tumboni. Inaingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali, hata kwenye ulimi na kwenye mate. Ndiyo sababu kidonge kilichomezwa haraka kwa maji mengi kinaweza bado kubadili ladha ya chakula cha jioni. Mmoja anasikia chuma, mwingine uchungu, mwingine hasikii kitu.

Kwa statini jambo hili limeandikwa. Kwenye notisi ya atorvastatine, ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi ndani ya boksi, tafuteni neno la Kifaransa goût, maana yake ladha. Kwenye maandishi ya wamunganga neno ni dysgueusie. Limewekwa kwenye kundi la mambo yasiyotokea mara kwa mara: kwa watu 1,000 wanaokunywa dawa hiyo, linaweza kumpata 1 mpaka chini ya 10. Tuhesabu vizuri, ili tusiogopeshane. Mamia ya wamama wakikaa kwenye kiwanja cha shule, wote wakiinywa, zaidi ya 990 katika kila 1,000 wataendelea kula sombe yao kama kawaida. Lakini yule mmoja anayesikia chuma hajapata wazimu, na anayempikia si mchawi.

Taabu yetu ni kwamba wengi hatuioni notisi hiyo. Tunanunua plakete moja, au vidonge vitano vilivyokatwa na mkasi, na vinafungwa kwenye kipande cha gazeti. Tuwe na desturi ya kumuuliza mwenye farmasi: "Hii ni dawa gani, na inaweza kunifanya nini?" Aandike jina kwenye karatasi. Mtoto wa sekondari anaweza kutusomea notisi kwa Kifaransa na kutufasiria.

Statini haiko peke yake

Mama akisikia ladha imebadilika, asikimbilie kusema ni dawa ya kolesteroli. Dawa nyingine zinazojulikana sana kwetu zinafanya hivyo, na baadhi yake mara nyingi zaidi. Captopril, ya tansio, inaweza kupunguza ladha au kuleta chuma kinywani. Metformine, ya ugonjwa wa sukari, inafanya vilevile. Metronidazole, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, inaweza kuacha chuma kwenye ulimi siku unazoinywa. Vidonge vya fer wanavyopewa wenye mimba vinaweza kuleta ladha hiyo pia, na mimba yenyewe inabadili ladha, kama kila mama aliyechukia harufu ya samaki anavyojua.

Kuna sababu nyingine zisizo za dawa kabisa: fizi zinazotoa damu, jino bovu, ulimi wenye utando mweupe, kinywa kikavu, mafua, sigara, ugonjwa wa sukari usiojulikana bado, na uzee. Ndiyo maana munganga anatakiwa aangalie kinywa chote, asiangalie boksi peke yake.

Na vumbi letu la Likasi? Sisemi ni kitu kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini hapa Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana kwenye mikojo yao. Hilo ni jambo kubwa linalohitaji ukurasa wake. Lakini kwa shida ya mama mkubwa, tufikiri kama wenye akili. Kama chuma kingekuwa kwenye maji, wote wanaokunywa kutoka bidoni ile wangekisikia. Kama ubaya ungekuwa kwenye chungu, wajukuu waliokula kwenye chungu kimoja wangeukataa. Na hata bukari ya mjukuu, iliyopikwa pembeni kwenye mbabula yake, ilikuwa na chuma. Kinywa kimoja tu kilibadilika, na ndicho kinywa kimoja tu kilichokuwa kimeanza dawa mpya.

Nilipoyasema haya kwenye kikao, mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, "Basi tumuulize munganga." Mke wa mtoto alikuwa amekaa mlangoni. Hakusema neno.

Hatari ya chumvi

Kuna jambo jingine lililokuwa linaendelea jikoni, ambalo hatukulitambua mara moja. Kila mama mkubwa aliposema chakula hakina ladha, mke wa mtoto aliongeza chumvi. Halafu akaongeza kube moja, halafu ya pili. Mtu mwenye tansio, aliyetoka kuponea kiharusi, alikuwa anapewa chumvi zaidi kila wiki, kwa mapendo kabisa.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Hizo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake inahesabiwa chumvi ya kube, ya mkate na ya makayabo. Kube sehemu kubwa ni chumvi. Makayabo yenyewe ni chumvi iliyovaa samaki. Yaloweshwe usiku kucha, maji yabadilishwe zaidi ya mara moja.

Ulimi uliochoka unaweza kuamshwa bila chumvi. Mambo haya tuliyajaribu nyumbani, na hayana gharama kubwa:

Ndimu au ngaingai. Ukali wake unaleta mate, na mate yanaleta ladha. Lakini mwenye vidonda kinywani aache kwanza.

Kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, celeri na nyanya zilizokaangwa polepole. Harufu yao inapita puani na kusaidia ulimi.

Kwa anayesikia chuma, kijiko cha mti au cha plastiki badala ya cha chuma. Ni kitu kidogo, lakini mama mkubwa alisema kinamsaidia.

Chakula kisicho cha moto sana. Nyama ikimshinda kwa sababu ya ladha ya chuma, mpe maharagi, mayai au karanga, asikose nguvu.

Kusukutua kinywa kabla ya kula, kusugua meno na ulimi asubuhi na usiku, na kunywa maji kidogokidogo mchana kutwa.

Usiache, usinyamaze

Sasa lililo kubwa. Mtu akisikia ladha imebadilika baada ya dawa, asiiache mwenyewe, na asiivumilie kimya mpaka anakonda. Njia ya katikati ipo, nayo ni kusema.

Dawa ya kolesteroli inafanya kazi siku inaponywewa. Ukiiacha, kolesteroli inarudi juu baada ya wiki chache, na wewe hutasikia chochote. Hapo ndipo ubaya ulipo: chuma kinywani unakisikia kila siku, lakini mshipa unaoziba husikii. Kwa hiyo mtu anachagua kuondoa kinachomsumbua na kuacha kinachomuua.

Kabla ya kwenda kwa munganga, andika kwenye daftari mambo manne. La kwanza, dawa zote unazokunywa, hata za miti, na tarehe ulizozianza. Au uzibebe zote kwenye mfuko mmoja. La pili, ladha ilianza kubadilika lini, na inakuja saa ngapi. La tatu, ni ladha gani: chuma, uchungu, au hakuna kabisa, na kama pua inasikia harufu. La nne, umepungua uzito au hapana. Mama asiyejua kuandika amwambie mtoto amwandikie. Munganga ana watu wengi mlangoni. Daftari linasema haraka kile ambacho aibu ingekificha.

Sisi tulifanya hivyo. Munganga alisoma, akaangalia fizi na ulimi, akapima sukari, akauliza kama kuna maumivu ya misuli. Kisha akasema kitu ambacho kiliwashangaza wote: "Mama, asante kwa kuniambia. Wengi wanaacha tu, halafu tunawaona wakiletwa wamebebwa." Akamwekea statini nyingine, akamwambia arudi baada ya wiki sita kupima damu. Wakati mwingine munganga anapunguza kipimo. Wakati mwingine anasimamisha dawa kwa muda ili aone kama kweli ndiyo chanzo. Hayo ni kazi yake. Yetu ni kumletea habari.

Ladha haikurudi siku ileile. Wiki ya kwanza chuma kilikuwa bado kipo, na nikawakumbusha kwamba chembe za ulimi zinahitaji siku zake za kuzaliwa upya. Wiki ya tatu chai ikawa chai. Karibu na mwisho wa mwezi alimaliza bukari yake, akaomba ya kuongeza.

Nisipite bila kutoa maonyo machache, maana wengi wenu bado mko kwenye umri wa kuzaa. Mwenye mimba, anayetafuta mimba, au anayenyonyesha asitumie statini bila munganga kujua hali yake. Kwa kawaida dawa hii husimamishwa wakati huo. Usimpe jirani vidonge vyako kwa sababu naye ana kolesteroli. Misuli ikiuma sana bila sababu, au mkojo ukawa mweusi kama chai kali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiandikiwa antibiotiki kama clarithromycine, au dawa za VIH, taja statini yako, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hazikai vizuri pamoja nayo.

Neno kwa wamama wakwe na kwa wake za watoto

Nataka kumalizia pale tulipoanzia, kwenye chungu.

Kwetu, kumpikia mama mkwe si kazi ndogo. Mke mgeni anapimwa kwa bukari yake: kama ni laini, kama haina vidonge vya unga, kama sombe imetwangwa vizuri. Kwa hiyo mama mkwe akisukuma sahani, mke wa mtoto hasikii "sina ladha." Anasikia "sikutaki." Na mama mzee, ambaye mwili wake unamgeuka na hajui kwa nini, anatafuta mtu wa kumtwisha jambo hilo. Aliye karibu zaidi ni yule mwenye mwiko.

Wamama wakwe, chakula kikibadilika kinywani, semeni: "Kinywa changu kimebadilika." Msiseme: "Umeweka nini humu?" Maneno haya mawili yako mbali sana. La kwanza linawapeleka kwa munganga. La pili linawapeleka kwenye kikao cha familia, na wengine wamepelekwa mbali kuliko hapo.

Wake za watoto, mama akisema hakuna ladha, msikasirike haraka, na msikimbilie chumvi. Muulizeni tangu lini. Onjeni pamoja naye. Muulizeni kama kuna kidonge kipya. Mkiona vidonge vinapungua kwenye boksi lakini mama hapati nafuu, muulizeni kwa heshima, mkiwa wawili peke yenu, bila kumwaibisha mbele ya watoto.

Na sisi majirani, tunaopenda kuuliza kwa sauti ndogo, tujue kwamba neno la sumu halirudi chunguni likishamwagika. Mke wa mtoto wa mama mkubwa alirudishiwa heshima yake mbele ya wakubwa walewale. Mama mkubwa mwenyewe alisimama akamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Ni kinywa yangu iliniongopea." Alijibu tu, "Hapana, mama." Lakini nimeona kwamba mpaka leo, akipakua chakula, anaonja yeye kwanza, mbele ya wote, kijiko kimoja, kisha ndipo anampa mama. Hakuna aliyemwamuru afanye hivyo.

Kwa mkutano wenu wa wiki hii, naomba kila kikundi kifanye jambo moja: kila mama alete majina ya dawa zinazonywewa nyumbani kwake kila siku, zake au za wazee. Someni pamoja. Andikeni tarehe zilizoanza. Mkiona mmoja anayelalamika juu ya chakula tangu tarehe ileile, msindikizeni kituo cha afya, msimwache aende peke yake.

Mungu awalinde, na sombe iwe tamu. Tutaonana wiki ijayo.